Kuutambua mgagani na kutunza mbegu zake

Mvua za masika zikikolea, mgagani, mboga ya majani ya kienyeji, unachomoza wenyewe huku Tanga: pembezoni mwa mashamba ya Muheza, kwenye mahame, nyuma ya mazizi. Ni mmea wa msimu mmoja. Unaota, unachanua, unazaa na kukauka ndani ya miezi michache, kwa hiyo anayeung'oa kabla haujazaa anajinyima mboga ya mwakani.

Hatua ya 1: Tafuta mahali pake. Usihangaike msituni wala chini ya mwembe. Nenda penye jua na udongo uliotifuliwa wenye rutuba: shamba lililopumzishwa, zizi la zamani, jalala lililooza. Kwenye mchanga mtupu utakuta vimche tu.

Hatua ya 2: Hakikisha ndio wenyewe. Jani lina vijani, aghalabu vitano, vinavyotokea ncha moja ya kikonyo. Shina lina vinyweleo vya kunata na ukilisugua linanuka. Halafu inama ulitazame ua, tena bila haraka. Petali ni nne, nyeupe au zenye wekundu wa mbali, na kila moja ina kikonyo chembamba. Stameni, yaani vijiti vya kiume vyenye chavua, ni sita, nazo hazitokei pale petali zilipoanzia. Zimebebwa juu kwenye kijiti, na ovari, sehemu inayokuja kuwa ganda la mbegu, ipo juu zaidi. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote. Ua likiwa la njano, umekuta jamaa yake.

Hatua ya 3: Chuma ncha changa. Zikate kabla ya maua. Mmea utatoa matawi pembeni nawe utachuma tena. Majani ni machungu: yachemshe, mwaga maji, kisha unga kwa tui la nazi.

Hatua ya 4: Weka mbegu. Tangu mwanzo, acha miche kadhaa iliyonawiri bila kuichuma kabisa. Maganda yake marefu membamba yakigeuka manjano, yakate. Ukingoja yakauke shambani yatapasuka na mbegu zitamwagika. Yaanike juu ya kanga kuukuu, kisha pukuchua. Mbegu ni ndogo, nyeusi, zenye mikwaruzo, zimejikunja kama konokono.

Usizipande papo hapo, kwani mbegu mpya huwa imelala na nyingi hazitaota. Zihifadhi pakavu, kwenye chupa yenye kifuniko, hadi masika yajayo. Ukishazisia, zifunike kwa udongo kidogo, maana huota vizuri zaidi gizani kuliko zikiachwa wazi kwenye mwanga.