Dozi ya pili ya dawa mseto: namna ya kumwelekeza mama asikosee saa

Dozi ya kwanza ya ALu, dawa mseto ya malaria (artemether na lumefantrine), haisumbui, mtoto anainywa mbele yako. Inayotuangusha sisi watoa dawa ni ya pili. Inatakiwa inywewe masaa manane baada ya ile ya kwanza, na sisi tuna saa nane nyingine, ya mchana. Niliwahi kuandika kwenye bahasha ya dawa: "dozi ya pili saa 8". Mtoto alikunywa ya kwanza saa nne asubuhi, mama akampa ya pili saa nane mchana. Yalikuwa yamepita masaa manne tu. Mama alifuata sawasawa nilichoandika. Kosa lilikuwa langu. Siku hizi nafanya hivi.

1. Mpime mwenyewe. Usichukue uzito wa kadi ya kliniki wa miezi mitatu iliyopita. Kwa kidonge cha 20/120 (miligramu 20 za artemether na 120 za lumefantrine): kilo 5 hadi chini ya 15 ni kimoja kwa dozi, 15 hadi chini ya 25 viwili, 25 hadi chini ya 35 vitatu, 35 na kuendelea vinne. Cheti kikisema viwili na mizani ikasema kilo 13, usitoe, na usirekebishe kimyakimya. Rudi kwa aliyeandika: "Daktari, huyu nimempima ana kilo 13, naomba tuangalie tena vidonge." Atakayekasirika, akasirike.

2. Hakikisha dawa ya kunywa inamfaa. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea hajitambui, huyo si wa vidonge. Ni sindano ya artesunate, dawa ya malaria kali, na rufaa. Uliza pia amepewa nini tangu homa ianze, pamoja na vya dukani. Uliza kwa upole, la sivyo atakuficha.

3. Mpe dozi ya kwanza hapo hapo. Dawa hii inataka mafuta ili iingie vizuri mwilini: maziwa ya mama, maziwa ya ng'ombe, au uji wenye karanga. Wakae nusu saa. Akitapika ndani ya muda huo, rudia dozi nzima, na kidonge cha kurudia kitoke kwenye kopo lako, kisitoke kwenye pakiti ya mama. La sivyo siku ya tatu atapungukiwa.

4. Hesabuni saa pamoja. Hapa ndipo pa kutumia muda, hata foleni ikinung'unika. Mwonyeshe saa ya ukutani au simu yake, mhesabu kwa vidole. Amekunywa saa tatu asubuhi? Ya pili ni saa kumi na moja jioni. Kesho na keshokutwa: saa tatu asubuhi na saa tatu usiku. Jumla dozi sita. Kwenye bahasha andika kwa maneno, "leo saa kumi na moja jioni", usiandike "baada ya saa 8", wala "1×2" (kimoja mara mbili kwa siku) peke yake. Asiyesoma mchoree jua na mwezi. Aliyekuja saa kumi jioni, dozi yake ya pili inaangukia saa sita usiku. Mtegeeni kengele kwenye simu kabla hajaondoka.

5. Usiulize "umeelewa?" Kila mtu atajibu ndiyo, na wewe unajua. Mimi huuliza: "Mama, ukifika nyumbani bibi yake akitaka kujua dawa hii inanyweshwaje, utamwambiaje?" Akikosea, sema, "Hapo sikueleza vizuri," kisha anza upya kwenye hatua ya nne.

6. Zungumzia vidonge vitakavyobaki. Kesho mtoto akianza kucheza, mama atashawishika kumwekea mdogo wake vilivyosalia. Mwambie wazi: homa inaweza kwisha na vimelea vikabaki kwenye damu. Na dalili yoyote kati ya zile za hatua ya pili ikijitokeza, hata saa nane za usiku, amlete asisubiri kuche.