Somo: Kupumzisha jenereta saiti, anza na usiku

Wakuu, utakuta jenereta ya kVA 20 inanguruma saiti usiku kucha kwa ajili ya taa nne za mlinzi. Hata kwa mzigo huo mdogo inakunywa zaidi ya lita moja ya dizeli kwa saa, na mafuta yasiyoungua vizuri yanajaza masizi kwenye ekzosi. Tuanzie hapo: mizigo midogo tuihamishie kwenye umeme wa jua na betri.

Hatua ya 1: Pima. Andika kila kifaa na saa kinazofanya kazi kweli. Grenda ya wati 2,000 inatisha, ila ukijumlisha vipande vya siku nzima haifiki mbali. Mfano wa saiti ya Dodoma: taa nne za LED za wati 50 kwa saa 12, uniti 2.4 (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja), ofisi ya kontena, 1.4, kuchaji dril na simu, 1, grenda saa moja, 2, vaibreta (ya kushindilia zege) ya wati 1,500 saa mbili, 3. Jumla uniti 9.8.

Hatua ya 2: Paneli. Gawanya kwa saa 5 za jua kali, ongeza theluthi ya upotevu: kilowati 2.6. Chukua paneli sita za wati 550. Zifunge juu ya kontena zikitazama kaskazini, zilale nyuzi 10 hadi 15 mvua ioshe vumbi. Anayekata tailizi akae mbali nazo.

Hatua ya 3: Betri na inveta. Betri ya lithiamu ya uniti 5, inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) ya kilowati 5. Msibane hela kwenye inveta. Mota ya vaibreta ikianza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Inveta ndogo itazima katikati ya slabu, na zege halilali.

Hatua ya 4: Ethi (waya wa kwenda ardhini) na brika afunge fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mashine ya kuchomelea je?*
Ile nzito ya transfoma iachie jenereta. Kusanya uchomeleaji wote mchana mmoja, jenereta ifanye kazi ya maana.

*Masika jua likikosekana?*
Washa jenereta kwa muda wa saa mbili ijaze betri, kisha zima. Ikibeba mzigo mzuri haichafuki ndani.

*Wezi?*
Betri na inveta ndani ya kontena. Nati za paneli zipige weldi. Siku ya kuhama, utazikata kwa grenda.