Namna ya kumliwaza mama wa kijijini kwa simu wakati wa maradhi

Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, ilipofungwa Aprili 2020 kwa sababu ya korona, mimi nilibaki Mtwapa, na kina mama wa chama chetu walikuwa vijijini Ganze. Nikawa nawahudumia kwa simu. Nilivyojifunza ni hivi.

Kwanza jua simu ni ya nani. Wengi hutumia ya mume, na kuchaji ni mpaka dukani. Muulize saa inayomfaa. Wangu walipenda saa nne asubuhi, maji yakishatekwa. Jioni kafyu ilikuwa imerudisha kila mtu nyumbani, hangesema kitu. Akikubipu usipokee, mpigie wewe.

Halafu mkubaliane neno. Letu lilikuwa mahindi. Akisema "mahindi yamepanda bei," najua kuna anayesikiliza. Nabadilisha maneno, nangoja anitafute mwenyewe. Mambo hayo usiyaandike kwenye meseji kamwe.

Usiulize kama ana msongo wa mawazo, utaambiwa "salama tu." Uliza jana ilikwendaje: alikula nini, alilala? Mama mmoja alinijibu, "Nalala, lakini moyo unakesha," kisha kimya. Nami nikanyamaza. Nilisikia kuku, nikasikia kijiti kikivunjwa kutiwa mekoni, halafu kilio. Mamake alizikwa Kwale na watu 15 tu, kama ilivyoamriwa, naye hakuruhusiwa kuvuka mpaka wa kaunti. Nikamwomba anisimulie mamake tangu utoto wake. Tulikaa matanga sisi wawili kwa simu, kila Jumatano, wiki tatu.

Mawazo mengine ni njaa, na njaa hailiwazwi kwa maneno. M-Pesa ilikuwa imeondoa ada ya kutumiana chini ya shilingi 1,000, basi tukachangiana mia mbili mia mbili.

Akipigwa nyumbani, mpe 1195, nambari ya simu ya kuwasaidia wanaodhulumiwa, haina malipo. Akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakutamtia wazo hilo. Usikate simu. Muulize ni nani aliye karibu anayemwamini, umwite huyo kwa simu nyingine, aende akae naye na aiondoe dawa ya kunyunyizia shamba. Kisha mhudumu wa afya wa kijiji aarifiwe siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuagana mwambie siku utakayopiga tena, na upige. Jumatano moja nilichelewa mpaka saa sita. Nilimkuta angali chini ya mwembe, ameishika simu tangu saa nne.