Kuona mawimbi ya skwidi nyumbani Mombasa (sio ngisi jamani)

Kila nikitaja skwidi watu waniuliza ngisi kilo ngapi, sa wacha niseme mapema, hii (SQUID kwa Kizungu) ni kijipete cha superkondakta, yani kitu kinachopitisha umeme bila kizuizi kikipoa sana, chenye viungo viwili vya Josephson (sehemu mbili nyembamba dhaifu kwenye pete), inapima usumaku. Yangu ni ya YBCO (aina ya superkondakta), inaanza kazi chini ya Kelvini 92 ivi kwahio nitrojeni ya maji (77, yani -196 selsiasi) yatosha, heliamu hamna haja.

Hatua ya 1: kupoza. Fungua madirisha, na termosi ya nitrojeni usiizibe kabisa, itakupasukia. Weka skwidi ndani ya kopo la kukinga usumaku, simu iwe mbali, halafu shusha polepole, mi huchukua dakika kumi. Ukiharakisha au kukiwa na sumaku karibu pete inanasa flaksi (usumaku unaopita shimo lake) na mawimbi yatoka mabovu. Mi nilipoteza Jumamosi nzima nikilaumu waya kumbe bisibisi yenye sumaku iko ubavuni mwa termosi! Dawa ni kuitoa, ipate joto, upoze upya.

Hatua ya 2: waya ni nne, mbili za kuingiza umeme, mbili za kusoma volti. Ongeza umeme taratibu, volti itakaa sufuri tu halafu ghafla inapanda. Simama hapo juu kidogo ya kona, pale inapoanza kupanda.

Hatua ya 3 ndio tamu. Peleka umeme kidogo kidogo kwenye koili ya kando (waya wa kuzungusha, watoa usumaku), uangalie osiloskopu, ile skrini ya kuchora volti: volti yapanda, yashuka, yapanda tena. Kwanini? Chukulia pete ni kisiwa chetu, umeme waingia Makupa, nusu wapitia Nyali nusu Likoni, wakutana mbele baharini. Elektroni zaenda jozi jozi kama wimbi, na usumaku ulioko katikati ya kisiwa wafanya upande mmoja utangulie mwengine. Zikikutana sawa umeme wapita mwingi bila volti, zikikutana kinyume volti yapanda. Wimbi moja kamili ni kwanta moja ya flaksi (kipimo chake kidogo kabisa kwenye pete), weba 2.07 × 10⁻¹⁵. Kwa shimo la mikromita 50 kwa 50 hio ni kama mikrotesla 0.83, na usumaku wa dunia hapa kwetu wapita 30, ndio maana gari likipita nje grafu yaruka.

Ukimaliza usiiache mezani. Na unyevu huu wetu barafu yaganda dakika hio hio, ikiyeyuka ni maji, na YBCO na maji hawapatani. Kausha na blodraya moto mdogo, kisha ifungie kwenye mkebe pamoja na vile vipakiti vya ndani ya viatu vipya.