Wenye watoto wadogo huku majuu, chungeni mkoba wa bibi

Wengi wetu tukipata mtoto huku Marekani tunamwita mama au mama mkwe aje kutusaidia kulea, na anakuja na mkoba wake, na ndani ya mkoba kuna dawa za presha na za sukari kwenye kibahasha cha famasi ya nyumbani, hakuna cha kifuniko cha kubonyeza ndo kizunguke wala nini. Usiku mkoba unawekwa chini pembeni ya kitanda, sasa mtoto wa mwaka na nusu unadhani asubuhi ataanzia wapi upekuzi? Kidonge kimoja tu cha glibenclamide, ile dawa ya sukari, kinaweza kumshusha sukari mpaka azimie, na si lazima iwe palepale, yaweza kupita masaa kadhaa anacheza vizuri tu nyie mnasema hajameza. Amlodipine ya presha nayo si ya mchezo.

So mama akishapumzika safari, mwambie kwa heshima tu: "Mama, tuombe dawa zako tuzifungie juu kabatini, huyu mjukuu wako mikono haitulii."

Kingine ni zile naftalini nyeupe za kwenye sanduku la vitenge. Mtoto anaona pipi. Na kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), hali ambayo kwetu ipo sana, naftalini inavunja chembe za damu, hata kumvalisha nguo zilizokaa nayo muda mrefu kunaweza kumletea shida. Tupeni tu jamani.

Akimeza kitu, usimtapishe, na habari za kumnywesha maziwa au mafuta ya kula achaneni nazo. Piga simu kituo cha sumu cha Marekani (Poison Control), 1-800-222-1222, bure, masaa 24, mazungumzo ni siri (najua kuna wanaoogopa eti wataletewa ustawi wa jamii), wanaopokea ni manesi na wafamasia na ukitaka mkalimani omba. Kanada ni 1-844-764-7669, Australia 13 11 26, Uingereza 111. Ila kama amezimia, ana degedege au anapumua kwa shida, hapo ni 911 moja kwa moja kwa Marekani na Kanada, Uingereza 999, Australia 000.

Betri ndogo ya duara, ile ya rimoti, usisubiri dalili, kimbia emajensi maana ndani ya masaa 2 inaweza kuwa imeshaunguza koo. Kama ana zaidi ya mwaka mmoja na anaweza kumeza, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, lakini msichelewe kutoka eti mnatafuta asali.

Ukipiga simu shika pakiti mkononi umsomee aliyepokea jina la dawa herufi kwa herufi, kwa sababu glibenclamide huku wanaiita glyburide, na Panadol ya mama ndo Tylenol hiyohiyo, kwa hiyo bibi akimpa mtoto Panadol saa mbili na wewe ukaongeza Tylenol saa tatu, mmeshamzidishia dozi.