Kuchagua kitabu cha imla kwa mtoto wa darasa la kwanza hadi la nne

Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na ndiyo maana wazazi wengi hununua kitabu chochote cha imla chenye picha za kuvutia. Mtoto hufika darasa la tatu bado anaandika "ngombe", "zahabu" na "alipo kuja". Tahajia yetu ina ugumu mahali patatu: konsonanti zinazoambatana, sauti ambazo lugha ya nyumbani haina, na mpaka kati ya neno na neno. Kitabu kisichoshughulikia hayo matatu ni orodha ya maneno tu, hata kiwe na rangi kiasi gani.

Kabla ya kwenda dukani, mpime mtoto. Msomee maneno haya 20, kila moja mara mbili, bila kuvuta silabi: kalamu, sufuria, kataa, choo, ndizi, tembo, njaa, ngoma, ng'ombe, mtoto, mchanga, shati, chura, dhahabu, thelathini, ghali, mbwa, nywele, hewa, barua. Kisha sentensi moja: "Ameniambia nisiondoke kwa sababu mvua inanyesha."

Alama peke yake haikuambii mengi. Panga makosa kwa makundi. "Kata" badala ya "kataa" ni kosa la vokali mbili. "Tebo" au "nyele" ni la konsonanti ambatano. "Gali" au "ewa" ni la sauti asiyoisikia vizuri. "Ame niambia" au "kwasababu" ni la mpaka wa neno. Akikosa maneno zaidi ya 12, mwanzishe kwenye silabi za kawaida. Akikosa kati ya 5 na 12, anza moja kwa moja na silabi ambatano. Akikosa chini ya 5 lakini sentensi imevurugika, usimnunulie kitabu cha maneno. Huyo anahitaji imla ya sentensi.

Sasa fungua kitabu. Kasoro tunayokutana nayo zaidi ni maneno kupangwa kwa mada. Somo la "Jikoni" linampa mtoto sufuria, mwiko, sahani, mchi, kinu na jungu kwa siku moja. Ni msamiati mzuri, ila kila neno lina ugumu wake, kwa hiyo mtoto hukariri maumbo bila kupata kanuni hata moja. Kitabu kizuri hupanga kwa sauti: vokali tano, silabi za herufi mbili, vokali zinazofuatana (kufa na kufaa, kata na kataa), kisha mb, nd, nj, ng, nz, kisha sh, ch, ny, kisha mw, bw, kw, na mwishoni zile za herufi tatu kama mbw na nyw. Chagua ukurasa wowote wa katikati na ukague: kila neno liwe na sauti zilizokwisha kufundishwa. Kama somo la herufi m lina picha ya mbwa, mwandishi hakupanga.

Angalia pia kitabu kinavyokata silabi. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na vokali, kwa hiyo tembo ni te-mbo, na mbuzi ni mbu-zi. M ya mtoto nayo ni silabi kamili: m-to-to. Kitabu kinachokata "tem-bo" kimefuata mazoea ya Kiingereza, na mtoto anayekifuata atazoea kuitenga m na b yake, kisha kuidondosha. Maneno ya mkopo kama labda na daftari yana taratibu nyingine. Yasubiri darasa la tatu.

Lugha ya nyumbani ndiyo itakayoamua mkazo uwe wapi. Kikuyu hakitofautishi l na r, na b na d zake nzito hutanguliwa na m au n, hivyo tafuta kitabu chenye jozi kama mahali na mahari, buni na mbuni. Dholuo haina sh. Mtoto huyo anahitaji shindano na sindano. Familia zilizozoea Kiswahili cha Kongo, ambako husemwa "mutu" na "mutoto", zitumie muda mrefu zaidi kwenye m isiyo na vokali. Kwa wote, jozi kama thamani na samani, dhana na zana, jaa na njaa zisikosekane. Mtoto azitofautishe kwanza kwa sikio, akinyanyua mkono anaposikia neno ulilomtajia, ndipo ashike penseli. Herufi ya sauti asiyoisikia ataikisia tu.

Mpaka wa neno ndio vitabu vingi huuruka. Mabango ya barabarani nayo hayatusaidii: "hapa tuna uza mkaa" kila kona. Tafuta mazoezi yanayoonyesha kwamba viambishi vya kitenzi hushikana (tunauza, alipokuja, aliyeondoka), huku kwa sababu, kwa hiyo na bila shaka zikiachana. Jozi ya kujaribia ni "nyumbani" na "nyumba ni kubwa". Hakikisha pia kitabu kinachapa ng' na alama yake kila mahali. Kikikosea chenyewe, kirudishe rafuni.

Tanzania, linganisha kitabu cha ziada na cha kiada cha Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) cha darasa hilo. Kenya, angalia kama kimo kwenye orodha iliyoidhinishwa na KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya. Idhini haimaanishi kwamba kitamfaa mtoto wako, ila inapunguza makosa ya uchapaji.

Ratiba: maneno 8 hadi 10 kwa wiki, dakika 15 kwa siku, siku nne. Maneno ya wiki hii yarudi wiki ijayo, kisha baada ya mwezi. Kitabu kisicho na marudio kinafaa tu kama uko tayari kuyaandaa mwenyewe.

Usahihishaji nao uangalie kwenye mwongozo wa mwalimu. Mwongozo ukisema mtoto arudie neno mara kumi, jihadhari: ataandika k kumi kwenda chini, kisha a kumi, mpaka safu ijae bila yeye kulisoma neno hata mara moja. Pigia mstari silabi yenye kosa pekee, alitamke neno, alifunike kwa mkono, kisha aliandike lote mara moja bila kuangalia.