Gari inatetemeka ikiwa sailensi (imewaka, hujakanyaga mafuta)? Usinunue spea kabla hujajua ni silinda gani

Wakuu, hii ni kwa wenye IST, Probox, Vitz na nyinginezo zenye injini ya Toyota ya 1NZ, maana ndo zimejaa mtaani na kila siku mtu anauliza mbona nikisimama foleni gari inatikisika mpaka usukani alafu nikikanyaga mafuta inatulia. Kama una injini nyingine ya petroli yenye koili (inayotoa umeme wa plagi) juu ya kila plagi, mambo ni yale yale.

Ukienda kwa fundi na maelezo hayo, wengi watakwambia kabadilishe plagi, ikigoma koili, ikigoma tena noseli (inayopuliza petroli), unajikuta umezunguka maduka ya spea ya Gerezani, Dar, wiki nzima na gari bado inacheza. Dawa ni kupima kwanza.

Cha kwanza jua kama injini ndo inamisi (kuna silinda haiunguzi mafuta) au ni maunting, zile raba zinazoshikilia injini. Washa gari, iache ipate moto, zima AC, weka N, angalia mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika). Hii injini ikishapata moto inakaa kama 650 mpaka 750 hivi. Kama mshale umetulia na ukienda nyuma kusikiliza ekzosi inapiga sawasawa, ila ukiweka D huku umekanyaga breki ndo viti vinacheza, hapo anza kushuku maunting. Funua boneti, mtu unayemwamini akae ndani, hendibreki juu, mguu kwenye breki, aweke D agusie mafuta kidogo, alafu R, wewe simama ubavuni, usisimame mbele ya gari hata kama anayekaa ndani ni mkeo. Injini ikiruka kama inataka kutoka basi raba imechanika. Zile maunting zenye majimaji ndani zikipasuka utaona uchafu mweusi wa mafuta umetiririka chini yake.

Ila kama ekzosi inapiga alafu inaruka pigo, puh puh... puh, hiyo inamisi. Na taa ya injini kwenye dashibodi ikiwa inawaka na kuzima huku gari inatetemeka usiendelee kutembea nayo, maana petroli isiyoungua inaenda kuunguzwa kwenye masega (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi) na masega bei yake mnaijua.

Ukiwa na kale kadude ka kupimia ka bluetooth kanakochomekwa chini ya dashibodi, soma kodi, yaani namba ya kosa. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo mpaka P0304. Silinda ya kwanza ni ile ya upande wa mkanda wa alteneta. P0300 maana yake inamisi ovyo haijachagua silinda, na ukiikuta pamoja na P0171 (hewa nyingi, petroli kidogo) usiguse plagi kwanza, nenda kwenye hewa, nitaifikia.

Huna mashine? Injini ikiwa inaunguruma chomoa kichwa cha waya cha noseli moja moja, sikiliza, rudisha. Ukichomoa ya silinda isiyo na tatizo gari itatetemeka zaidi, ile ambayo ukichomoa hakuna kinachobadilika ndo mgonjwa wako. Watu wengi wanachomoa koili yenyewe gari ikiwa imewaka, acheni, ile shoti inauma na pia petroli inaendelea kumwagwa kwenye silinda bila kuungua.

Ukishaijua, zima, acha injini ipoe (kichwa chake ni aluminiamu, ukifungua plagi ya moto unaweza kuvua nyuzi), fungua boliti ya koili kwa spana 10, vuta koili juu taratibu. Hapo angalia kwa makini. Raba ya chini ya koili ikiwa imeloa oili, basi gasketi ya kava ya tapeti (kava la juu ya injini) imechoka na oili inashuka kwenye shimo la plagi, utabadilisha koili kila mwaka kama hujaziba hapo. Ukiona kamstari keusi kembamba kama kalamu ya risasi kwenye kaure nyeupe ya plagi, na kengine ndani ya raba, umeme ulikuwa unakimbilia pembeni badala ya kufika kwenye ncha, badilisha vyote viwili.

Kama huoni kitu, tuseme mgonjwa ni silinda ya pili, hamisha koili yake uipeleke ya tatu na ya tatu uilete ya pili, futa kodi, washa. Kodi ikihamia P0303 koili imekufa, na hujatumia hata mia. Ikibaki P0302 hamisha plagi, ikigoma tena hamia kwenye noseli. Plagi inafunguliwa na soketi ya 16. Ukinunua mpya, zile zenye 11 mwishoni mwa namba yake mwanya wake ni milimita 1.1, mpya ifunge kwa mkono mpaka ikalie alafu nusu mzunguko kwa spana, basi, usining'inie.

Sasa hewa. Sikiliza mlio wa sssss nyuma ya manifoldi (bomba za kuingiza hewa kwenye injini), kagua mipira midogo ya vakyumu (inayonyonya hewa), ikizeeka inapasuka pale inapopindia. Nyunyiza maji kidogo kwenye maungio, mlio ukibadilika umepata. Mafundi wanatumia kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta), kweli inaonyesha vizuri, ila ikigusa ekzosi ya moto gari inawaka kweli kweli.

Throto (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini) nayo ikijaa masizi sailensi inashuka inapanda hasa ukiwasha AC. Isafishe kwa kitambaa na dawa yake, ila kama ni ya umeme usisukume kile kisahani kwa kidole. Baada ya hapo RPM inaweza kukaa juu siku mbili tatu mpaka kompyuta izoee, usikimbilie kurudi kwa fundi.

Plagi, koili, noseli na hewa vikiwa vizima na silinda ile ile bado imelala, kapime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla hujatoa tena hela ya spea.